Daktari Avery na Koti la Kijidudu

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, na kwa nyoka, kuku, ng'ombe na binadamu haina ubishi. Lakini viko viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo haviijui methali hii kabisa. Kiumbe hicho huweza kuzaliwa na sura ya mama yake, kisha kabla jua halijatua kikawa kimevaa sura ya jirani, tena jirani aliyekwisha kufa! Viumbe hivyo ni bakteria. Leo nataka tumzungumzie daktari aliyetumia karibu maisha yake yote kufuatilia kijidudu kimoja tu cha namna hiyo, hadi akafichua siri ambayo mpaka leo inawatoa jasho wanaochunguza mageuko ya bakteria. Jina lake ni Oswald Theodore Avery. Ukitaja DNA, wengi wetu hukimbilia kumtaja Watson na mwenzake Crick. Avery hatajwi sana, na mimi naona hiyo ni dhuluma.

Avery alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1877 mjini Halifax, nchini Kanada. Baba yake, Joseph Francis Avery, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti mwenye asili ya Uingereza. Mwaka 1887 familia ilihamia New York, Marekani, baba akapewa kanisa katika mtaa wa makabwela na mabaharia. Oswald na kaka yake Ernest walijifunza kupiga tarumbeta, na Jumapili walisimama kwenye ngazi za kanisa wakiipuliza ili wapita njia waingie ibadani. Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1892 Ernest alifariki, na mwaka huo huo baba naye akafariki. Mama akabaki na Oswald pamoja na kitinda mimba, Roy. Oswald alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na sita. Umri wangu, wasomaji.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna sababu ya kumpenda mtu huyu. Chuoni Colgate, alikohitimu mwaka 1900, hakuwa mtu wa sayansi hata kidogo. Alisoma masomo ya sanaa, aliongoza bendi ya chuo, na alikuwa bingwa wa kutoa hotuba. Wenye kutuambia kwamba wapenda lugha hawawezi sayansi, basi hapo wana kazi ya kujibu. Baadaye aligeuka ghafla, akaingia kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, akafuzu mwaka 1904.

Alipoanza kutibu watu alikuta mambo ni magumu. Wagonjwa wa kifua walikuja, yeye akawatazama, nao wakafa. Dawa haikuwako. Mwaka 1907 akaacha kutibu, akaingia maabara ya Hoagland mtaani Brooklyn, na mwaka 1913 akachukuliwa na hospitali ya Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Huko alipewa adui mmoja, nimonia, na adui huyo akamtosha kwa miaka thelathini na mitano.

Lazima nieleze kidogo kuhusu adui huyu, maana bila hivyo hadithi haitaeleweka. Kijidudu kinacholeta nimonia mara nyingi huitwa nyumokoki. Kile kikali kimevaa koti laini linalotereza, na chembe za damu zinazotulinda haziwezi kukikamata vizuri. Kikikosa koti, hukamatwa upesi wala hakiui mtu. Makoti yenyewe si ya aina moja. Siku hizi zimejulikana aina zaidi ya 100. Enzi za Avery, tiba pekee ya maana ilikuwa seramu iliyotolewa katika damu ya farasi, na seramu ya koti la aina ya kwanza haikumsaidia kitu mgonjwa wa koti la aina ya pili. Kwa hiyo, mgonjwa alipoletwa, kazi ya kwanza ilikuwa kupima makohozi yake ili kujua ni koti gani. Ukikosea koti, umekosea dawa, na mtu anakwenda zake kaburini.

Mwaka 1923, Avery na mwenzake Michael Heidelberger walionyesha kwamba koti hilo limefumwa kwa sukari. Wataalamu walinuna. Ilikuwa imeaminiwa kuwa kinga ya mwili huamshwa na protini, si sukari. Avery hakugombana na mtu. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, mwembamba, mpole, asiyeoa, aliyependa kukaa na swali hata miaka kumi kabla ya kusema neno. Vijana wa maabara walimwita Profesa kwa kifupi cha mapenzi, Fess. Likizo yake ilikuwa kusafiri kwa mashua katika kisiwa cha Deer Isle, basi.

Hapo ndipo ilipofika habari ya mwaka 1928. Daktari mmoja wa London, Frederick Griffith, alikuwa na panya na aina mbili za vijidudu. Alichukua vijidudu vilivyopoteza koti, ambavyo wazazi wao walivaa koti la aina ya pili. Hivyo peke yake haviui panya. Kisha akachukua vijidudu vikali vya koti la aina ya tatu, akavichemsha hadi vikafa fofofo. Hivyo navyo haviui. Lakini alipovidunga vyote pamoja, panya wakafa! Akapasua, akatazama damu, akakuta vijidudu vilivyo hai kabisa vikiwa vimevaa koti la aina ya tatu. Navyo vilipozaana, watoto na wajukuu wote wakavaa koti hilo hilo.

Hebu tulipime jambo hili. Katika Kilimo tunafundishwa kuunganisha mchungwa juu ya shina la mlimau. Mti unazaa machungwa, lakini ukiipanda mbegu ya chungwa hilo hupati mlimau, kwa sababu shina halikuingia ndani ya mbegu. Vijidudu vya Griffith ni mambo mengine. Kile kilichotoka kwa maiti kiliingia mpaka kwenye uzazi. Ni kana kwamba umelala na blanketi la marehemu wa jirani, ukaamka na damu ya ukoo wao, na watoto wako wote wakawa wa ukoo huo.

Avery hakufurahi. Msomaji, usimlaumu. Kazi yake yote ya miaka kumi na mitano ilisimama juu ya imani kwamba koti ni alama ya ukoo, na kwamba ukoo haubadiliki. Kama kijidudu kinaweza kuazima koti la mwenzake, je, kupima koti kunatuambia nini kuhusu asili yake? Alidhani Griffith hakuchemsha vizuri. Lakini vijana wake wawili hawakunyamaza. Martin Dawson alirudia jaribio likakubali, tena ndani ya chupa, bila panya. James Alloway akafanya zaidi: akavunja vijidudu, akachuja, na maji yaliyobaki, yasiyo na kijidudu hata kimoja, yakatosha kubadilisha koti. Wakati huo Avery alikuwa anaugua tezi ya shingo, hata akapasuliwa mwaka 1934. Aliporudi akiwa na nguvu, swali lilikuwa moja tu. Ndani ya maji yale kuna nini?

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Pamoja na Colin MacLeod, na kuanzia mwaka 1941 pamoja na Maclyn McCarty, alifuga vijidudu katika supu ya moyo wa ng'ombe, lita 50 hadi 75 kwa mkupuo mmoja. Waliviua kwa joto, wakaviosha, wakavivunja, wakaondoa protini, wakaondoa sukari ya koti. Mwisho walitia alkoholi taratibu huku wakikoroga, na nyuzi nyeupe zikajizungusha kwenye kijiti. Katika lita 75 walipata miligramu 10 hadi 25 tu! Lakini nguvu ya nyuzi hizo ilikuwa ya kutisha, kwani sehemu moja katika sehemu milioni 600 za maji ilitosha kubadilisha kijidudu.

Kisha wakazitesa nyuzi hizo kwa vimeng'enya. Kile kinacholiwa na protini... la, nimekwenda mbio. Walitia vimeng'enya vinavyokata protini, na nyuzi zikaendelea kufanya kazi. Wakatia kile kinachokata RNA, zikaendelea. Wakatia vile vinavyoharibu DNA, nguvu ikakatika pale pale. Habari hiyo ilichapishwa tarehe 1 Februari 1944. Avery alikuwa na miaka 66, umri ambao wengi wameshapumzika shambani. Griffith hakuisoma. Aliuawa kwa bomu London mwezi wa Aprili 1941, wakati wa vita.

Ungefikiri dunia ilipiga vigelegele. Wapi! Wanasayansi wengi walidhani DNA ni kitu cha kipumbavu, chenye herufi nne zinazojirudia tu, kisichoweza kubeba habari yoyote. Waliamini urithi umo ndani ya protini. Hata katika taasisi yake mwenyewe, Alfred Mirsky alishikilia kwamba huenda protini kidogo ilibaki kwenye nyuzi. Nadhani upole wa Avery ulichangia pia. Makala yake yaliandikwa kwa tahadhari nyingi mno, kama mtu anayepita juu ya mayai.

Lakini mmoja aliyeisoma alishika moto. Mwezi wa Januari 1945, kijana wa miaka 19 aitwaye Joshua Lederberg, aliyekuwa akisomea udaktari huko huko Columbia, aliipata habari hiyo akaazimia kuona kama bakteria wengine nao hupeana jeni. Mwaka 1946, akiwa Yale na Edward Tatum, alionyesha kwamba bakteria wa tumboni huungana wawili wawili na kuchanganya jeni zao. Mwaka 1952, yeye na Norton Zinder wakaonyesha njia nyingine: virusi hubeba kipande cha jeni kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Kuchanganya jeni namna hii wataalamu hukuita rikombinesheni. Kabla ya hapo wengi waliona bakteria ni kiumbe mpweke kinachojigawa mara mbili, mama na binti sawa kama shilingi kwa ya pili. Sasa ikawa wazi kuwa kuna njia ya mama na kuna njia ya jirani.

Lederberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Watson, Crick na Wilkins walipewa mwaka 1962. Avery alipendekezwa mara nyingi, hakupewa hata mara moja. Alipewa medali ya Copley ya Uingereza mwaka 1945, lakini hakwenda London kuipokea. Mwaka 1948 aliondoka New York akaenda Nashville kuishi karibu na mdogo wake Roy, ambaye alikuwa mwalimu wa bakteria katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Ni Roy huyo huyo aliyempelekea barua mwezi wa Mei 1943 kumweleza ugunduzi wake kabla ya dunia kuujua. Avery alifariki kwa saratani ya ini tarehe 20 Februari 1955.

Mtu amekufa, lakini swali lililomkosesha usingizi mwaka 1928 halijafa. Kama vijidudu huazimana jeni, tutajuaje ukoo wao? Mimi nilipata tabu sana kuelewa sehemu hii mpaka nilipofikiria madaftari.

Kwetu shule ya kutwa, mtu akirudishwa nyumbani kwa karo wiki nzima, akija huazima daftari la rafiki na kunakili usiku. Anayenakili hukosea hapa na pale, anaandika mapavu badala ya mapafu. Anayenakili kutoka kwake anabeba kosa hilo na kuongeza lake. Ukiyakusanya madaftari yote mwisho wa muhula, unaweza kusema nani alinakili kwa nani kwa kufuata makosa tu. Tena, kama unajua kila nakala huongeza kosa moja au mawili, utakadiria daftari limepita mikono mingapi. Hivyo ndivyo wanavyochora mti wa ukoo wa viumbe: wanasoma herufi za DNA, wanahesabu tofauti, tofauti zinakuwa saa.

Sasa tuseme mvivu mmoja, badala ya kunakili, anachana kurasa kumi za daftari la mtu wa darasa jingine na kuzibandika katikati ya lake. Mwalimu akihesabu tofauti ataona mia. Atasema daftari hili ni la kale sana, limepita mikono hamsini. Kumbe ni gundi ya jana usiku! Tena kurasa zile kumi zina ukoo wake na kurasa nyingine zina ukoo wake, kwa hiyo mti mmoja hautoshi daftari zima. Hiyo ndiyo shida ya rikombinesheni kwa wanaochunguza mageuko. Inadanganya saa, na inafunga matawi ya mti pamoja kama magugu.

Mwaka 2011 watafiti walitoa habari ya ukoo mmoja wa nyumokoki sugu kwa dawa, ambao kielelezo chake kilipatikana Uhispania mwaka 1984. Walisoma DNA ya vijidudu 240 vya ukoo huo kutoka nchi mbalimbali. Walikuta herufi zaidi ya 57,000 zinatofautiana. Ukizihesabu hivyo hivyo unapotea, kwa sababu asilimia 88 ya tofauti hizo zililetwa na gundi, vipande 702 vilivyobandikwa kutoka kwa majirani. Wakatafuta mahali tofauti zilipolundikana pamoja, wakaziweka kando, na tofauti zilizobaki zikahesabika kama saa. Saa hiyo ikaonyesha ukoo ulizaliwa karibu mwaka 1970. Wakaona pia kwamba katika miaka hiyo michache ukoo huo ulikuwa umebadilisha koti mara kadhaa. Griffith angecheka.

Na makoti haya si mambo ya vitabuni tu. Penisilini ilipokuja, tulidhani nyumokoki imekwisha. Lakini vijidudu sugu vilipochunguzwa, jeni zao zinazohusika na penisilini zilikutwa zimeunganishwa vipande vipande kama nguo yenye viraka. Baadhi ya viraka vilitoka kwa jamaa zake wanaoishi vinywani mwetu bila kutudhuru. Baadaye Marekani ilianza mwaka 2000 kuchanja watoto kwa chanjo yenye makoti saba. Koti la aina ya nne lilikuwamo, koti la aina ya 19A halikuwamo. Miaka michache baadaye, ukoo mmoja uliokuwa ukivaa koti la nne ulionekana umevaa la 19A. Chanjo ikawa haiutambui. Tena jeni za koti zimepakana na jeni zile za penisilini, kwa hiyo kijidudu kilipochukua koti kilichukua na usugu pamoja, kama mwizi anayeiba koti akakuta pochi mfukoni.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya nyumokoki kwa watoto wote mwaka 2011, nayo ilikuwa na makoti kumi. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Fungua kitabu cha kliniki cha mdogo wako utaiona. Chanjo hiyo imeokoa watoto wengi, hilo halina shaka, lakini imemwachia kijidudu kazi ya kutafuta koti jingine, na sokoni kuna makoti zaidi ya mia.

Ndiyo maana huko Kilifi watafiti wamekuwa wakiingiza kijiti chembamba puani mwa watu, watoto kwa wazee, kabla ya chanjo hiyo na baada yake, ili kujua ni nyumokoki gani zimo humo. Zamani ilitosha kupima koti na kuandika namba yake. Siku hizi husomwa na yaliyo ndani, herufi kwa herufi, maana namba ya koti peke yake haisemi kijidudu hicho ni mtoto wa nani.